Fimbo ya Mbali, Mkono wa Karibu: Historia ya Kuagiza Kazi Mjini Iringa

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwabishia. Kazi ilifanywa na aliyekuwapo. Mwenye duka akisafiri, alifunga duka au alimwachia mtu; karani akiugua, daftari lilimsubiri. Leo mhasibu mwenye ofisi Mlandege, katika Manispaa ya Iringa, anaweza kuwa Mbeya, kilomita zaidi ya 300 kutoka mezani pake, akabonyeza simu yake, na kompyuta aliyoiacha ofisini ikafungua programu ya hesabu, ikanakili mauzo ya siku, ikaandaa ankara na kuzituma kwa wateja bila mtu kugusa kibodi. Amri yake hupanda kwanza kwenye huduma ya mtandaoni inayoitwa wingu, yaani seva za kampuni zilizo nchi nyingine, kisha hushuka hadi kwenye kompyuta ile ya mezani. Wengi huliona jambo hili kama muujiza wa jana. Mimi nashikilia kwamba tendo lenyewe ni la kale, na kwamba Iringa ina historia ndefu ya amri zilizotolewa mbali, nyingine zikatimia na nyingine zikapotea njiani. Ukiifuata historia hiyo, utaona kwamba umbali wenyewe ulikuwa kikwazo kidogo. Kilichoziangusha amri ni mambo matatu: kutomtambua anayeamuru, kukosa wa kupokea, na kukosa jibu kwamba kazi imefanyika.

Tuanze na mlio wa bunduki. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilikuwa kinapita Lugalo, karibu na Iringa, na wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikuwa wamekivizia. Masimulizi ya vita hiyo yanasema ofisa mmoja wa kikosi alimfyatulia risasi ndege, na mlio huo ndio uliowainua Wahehe kutoka mafichoni. Muda mfupi baadaye Zelewski alikuwa maiti na kikosi chake kimesambaratika. Ushindi ule unakumbukwa kwa haki kama moja ya siku kuu za upinzani katika Afrika Mashariki. Lakini anayechunguza namna amri zinavyosafiri ataona jambo jingine pia. Mlio ni amri inayowafikia wote kwa mara moja, haraka kuliko mjumbe yeyote, ila haubebi jina la aliyeutoa. Risasi ya jemadari na risasi ya mwindaji huingia sikioni sawasawa. Siku ile mlio wa adui uliwafaa waliomvizia. Siku nyingine mlio kama huo ungewaumbua kabla hawajawa tayari. Fundi anayepanga leo kwamba kompyuta ianze kazi kila barua pepe ya aina fulani inapoingia, au kila faili jipya linapowekwa mahali fulani, yuko mbele ya swali la Lugalo: ni nani mwingine anayeweza kuutoa mlio huu?

Amri ya pili ilitoka mbali zaidi, na ilikuwa na jina na saini kubwa kuliko zote za wakati wake. Mkwawa alipokufa mwezi Julai 1898 kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mataifa yaliyoshinda yaliandika katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba kuanza kutumika. Haingewezekana kupata amri yenye mamlaka zaidi ya hiyo. Miezi sita ikapita, miaka ikapita, vita nyingine ya dunia ikaja na kuondoka. Fuvu lilirejea Kalenga, makao ya zamani ya Mkwawa, mwezi Juni 1954, baada ya Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, kwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen mwaka uliotangulia na kulitafuta miongoni mwa mafuvu yaliyohifadhiwa huko, na likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Kwa nini amri ya dunia nzima ilichukua zaidi ya miaka 30? Kwa sababu ilielekezwa kwa nchi nzima bila kumtaja mtu. Hakuna karani aliyejua kwamba kabati fulani, rafu fulani, ni jukumu lake, na hakuna aliyepaswa kujibu kwamba kitu kimepatikana au hakikupatikana. Lugalo palikuwa na wapokeaji walio tayari na mlio usio na mwenyewe. Versailles palikuwa na mwenyewe anayejulikana dunia nzima, na upande wa pili palikuwa patupu.

Waya nao ulikuwa umeanza kuingia Afrika Mashariki kabla ya Lugalo. Zanzibar iliunganishwa na kebo ya chini ya bahari mwaka 1879, na mwaka 1890 kebo ikavuka hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Mwaka 1899 Cecil Rhodes, tajiri na mkoloni wa Kiingereza aliyekuwa kusini mwa Afrika, alikwenda Berlin kumwomba Kaisari Wilhelm wa Pili ruhusa ya kupitisha waya wake wa simu katika koloni la Kijerumani, ili amri za kusini ya bara zifike kaskazini. Lugha yetu iliupokea waya kwa neno linaloonyesha watu walitazama nini: simu, lenye asili ya Kiajemi, lilimaanisha waya kabla halijawa jina la chombo cha kusemea. Lakini waya haukumwondoa mtu. Maneno yalilipiwa moja moja, kwa hiyo yalipunguzwa hadi mfupa, na aliyepokea alilazimika kukisia nyama. Kila mwisho wa waya alikaa karani aliyesikiliza na kuandika, na kutoka kwa karani hadi mlangoni kwa mwenye ujumbe alitembea tarishi. Hatua hizo za mwisho ndizo zilizofanya simu iwe amri inayotimia. Mpokeaji aliposaini kwamba amekabidhiwa, ofisi iliyotuma ilipata kitu ambacho waya peke yake haukuweza kuipa, yaani ushahidi kwamba neno limefika mkononi mwa mtu aliyekusudiwa.

Mashine ilipoanza kupokea amri kwa waya, mpangilio huo ulibaki. Tarehe 11 Septemba 1940, katika chuo cha Dartmouth mjini Hanover, Marekani, mtafiti George Stibitz aliwaonyesha wanahisabati namna ya kukokotoa kwa mashine iliyokuwa New York. Maswali yaliandikwa Hanover kwenye mashine ya kuchapa iliyounganishwa na waya wa simu, hesabu zikafanywa New York, na majibu yakajichapa Hanover. Hilo huhesabiwa kuwa tukio la kwanza la mtu kuiendesha mashine ya hesabu akiwa mbali nayo. Sehemu zake zilikuwa chache na zote zilihitajika: mahali pa kuandikia amri, njia, mashine iliyowashwa na kuachwa tayari, na jibu lililorudi palepale amri ilipotoka. Kila kilichokuja baadaye, pamoja na wingu tunalolisema leo, kimeongeza kasi na kupanua njia. Orodha ya sehemu haijabadilika.

Baada ya uhuru Nyanda za Juu Kusini ziligeuka kuwa njia kuu ya kazi zinazoagizwa kutoka mbali. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake wa kibaguzi mwaka 1965, Zambia ilihitaji mlango wa bahari upitao Tanzania, na katika muda wa miaka kumi hivi likajengwa bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,700 na vituo vya pampu ambavyo viwili kati yake viko Iringa na Mbeya. Ikajengwa barabara kuu ya lami. Ikajengwa reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Bomba na reli haviendeshwi kwa kubahatisha. Mafuta yakisukumwa kituo kimoja, kituo cha mbele lazima kijue. Treni haitoki stesheni mpaka njia iliyo mbele ithibitishwe kuwa wazi. Wafanyakazi wa vituo hivyo waliishi kila siku na kanuni kwamba amri bila jibu ni hatari. Wananchi wa kawaida nao walijenga mpangilio wao barabarani. Barua na vifurushi vilipanda basi kwa mkono wa utingo au dereva, vikiwa na jina la mpokeaji, na aliyetuma alijua ni basi gani na litafika saa ngapi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vifo na kuwataka ndugu walio mbali wafike mazishini. Redio iliwafikia watu wengi kuliko basi lolote, lakini aliyetangaza hakuwa na njia ya kujua nani amesikia. Basi lilikuwa polepole, na lilirudi na jibu.

Kompyuta zenyewe ziliingia nchini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mashine ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo mara nyingi husimuliwa kama woga wa maendeleo. Kwa maoni yangu simulizi hilo linaionea nchi. Serikali ilikuwa imejaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mfumo ulioendeshwa kwa kutegemea mno wataalamu wa nje, na hesabu zikavurugika. Mfumo ulikuwa na wauzaji, una mashine, una bajeti. Haukuwa na watu wa kutosha wa hapa nchini wa kuuelewa, kuukagua na kuusahihisha. Ni upungufu uleule wa Versailles ndani ya jengo la Hazina: amri zinatolewa, na upande wa kupokea hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kazi imefanyika sawasawa. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kali, na ilituchelewesha. Lakini ugonjwa ulikuwapo kweli, na anayeucheka ule uamuzi bila kuuelewa ugonjwa ataambukizwa yeye mwenyewe siku atakapofunga mfumo ambao hakuna mtu ofisini kwake anayeweza kuusoma.

Kwa maoni yangu, chombo kilichotufundisha Watanzania kuagiza kazi kwa mashine iliyo mbali ni mita ya LUKU. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo ilianza miaka ya 1990, na leo mtoto wa shule ya msingi anajua kuingiza namba zake. Watu wengi hudhani mita ile inazungumza na TANESCO, shirika la umeme la taifa. Mita ya kawaida ya LUKU haina waya wala redio ya kuiunganisha na ofisi yoyote. Namba 20 anazopata mteja ndizo amri yenyewe, iliyofungwa kwa ufunguo wa siri wa mita ile tu. Ofisi inaandika amri, mtandao wa simu unaibeba hadi mkononi mwa mteja, na vidole vya mteja vinaikabidhi kwa mita. Namba za nyumba moja zikipelekwa nyumba ya pili, mita ya pili inazikataa. Namba zilezile zikiingizwa mara ya pili, mita inazikataa pia, kwa sababu kila amri ina alama ya wakati wake na mita inakumbuka zilizokwisha tumika. Zikikubaliwa, uniti zinaonekana papo hapo. Chombo kidogo kilichopigiliwa ukutani kimetimiza masharti ambayo mlio wa Lugalo na kifungu cha Versailles havikuyatimiza: kinamjua anayeamuru, kinajua amri ni yake, hakitekelezi kazi moja mara mbili, na kinajibu.

Mwaka 2024 mita hizo zilitoa somo la ziada. Alama ya wakati iliyokuwamo katika namba za LUKU, kama ilivyokuwa kwa mita nyingi duniani zinazofuata kiwango kimoja na hizo, ilihesabu dakika tangu mwanzoni mwa mwaka 1993, na nafasi yake ilitosha dakika milioni 16 na ushee tu. Hesabu hiyo ilikuwa inakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingerekebishwa kabla ya siku hiyo isingepokea tena umeme mpya. Kwa kuwa mita hazina waya wa kuzifikia, hakuna kitufe ambacho mtu angebonyeza makao makuu kuzirekebisha zote usiku mmoja. Ilibidi TANESCO iwape wateja mafungu mawili ya ziada ya namba 20, nao waingize kwa mkono, mita kwa mita, nyumba kwa nyumba. Kazi ilifanyika kwa sababu kila mita ilikuwa na mwenyewe, aliyekuwa na haja nayo na aliyeweza kusimama mbele yake. Fimbo ilikuwa mbali sana, na ilihitaji mamilioni ya mikono ya karibu.

Pesa ya simu iliongeza funzo la utambulisho. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo vibanda vya wakala vimekuwa sehemu ya kila soko na kila mtaa, Iringa ikiwamo. Anayepiga *150*00# anaamuru seva asiyowahi kuiona ihamishe fedha. Namba ya siri inasema yeye ni nani, jina la mpokeaji linaonekana kabla hajathibitisha, na ujumbe unarudi kwa aliyetuma na aliyepokea. Wakala naye huandika kwenye daftari lake, maana mali bila daftari huisha bila habari. Wezi waliposhindwa kuuvunja mlango huu walitafuta njia ya Lugalo, wakatoa mlio usio na mwenyewe. Kila Mtanzania mwenye simu anaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Haumlengi mtu fulani. Unarushwa kwa maelfu, ukitegemea kwamba mmoja wao alikuwa kweli anasubiri kuambiwa namba ya kutumia hela. Mfumo hufanya kazi yake kikamilifu. Aliyedanganyika ni mtu, kwa sababu alitekeleza amri kwa kusikia maneno bila kumjua msemaji. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 ulikuwa jaribio la kurudisha jina kwenye mlio.

Hatua iliyofuata iliitoa mikono ya watu katikati kwa kiasi kikubwa. Mfumo wa serikali wa malipo, GePG, ulioanza mwaka 2017, ulileta namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12 ambayo watu huiita kontrol namba. Zamani mlipaji alikwenda benki, akapewa stakabadhi, akaibeba hadi dirisha la ofisi nyingine ili karani amwamini. Sasa anayelipa kwa wakala wa Mlandege anaziamsha mashine kadhaa bila kujua: fedha zinapokewa, namba inalinganishwa na deni lililotengenezwa, na taasisi husika inapata taarifa bila mtu kubeba karatasi. Malipo yenyewe yamekuwa kianzishi cha kazi. Na tazama kilichowezesha hayo: namba ile imetolewa kabla, kwa deni moja, kwa mtu mmoja, kwa ofisi moja. Amri imepewa anwani kamili kabla haijasafiri. Ndiyo hekima ya LUKU iliyopanuliwa hadi kwenye shughuli za dola nzima.

Sasa tunaweza kuitazama kompyuta ya mhasibu wa Mlandege bila kushangaa. Ofisi nyingi zina programu za zamani ambazo hazina mlango wa kuzungumza na programu nyingine. Zinajua tu kubofywa na kuandikiwa na mtu. Ndipo zikabuniwa programu za kuiga vidole vya karani: zinafungua dirisha, zinasoma skrini, zinabofya, zinajaza. Microsoft ilianzisha huduma yake ya kupanga kazi katika wingu mwaka 2016, ikaipa jina la Power Automate mwaka 2019, na mwaka 2020 ikainunua Softomotive, kampuni iliyoanzia Ugiriki, iliyokuwa na programu ya kuiga vidole kwenye kompyuta ya mezani. Kuanzia hapo wingu na meza vikaunganishwa katika huduma moja. Kompyuta husajiliwa kwanza, ili wingu lijue ni ipi. Kazi inaweza kufanyika mtu akiwa ameingia na kukaa mbele ya skrini, au bila mtu, huduma ikiingia yenyewe kwa jina na nywila iliyokabidhiwa. Kompyuta ikiwa imezimwa, amri inasubiri foleni na mwishowe inashindwa. Kitufe cha skrini kikihama baada ya programu kusasishwa, vidole bandia vinaweza kubofya pasipostahili. Kila jaribio linaandikwa, likiwa na saa lilipoanza na namna lilivyoisha. Usajili ni anwani ya bahasha, nywila ni muhuri, na kumbukumbu ya majaribio ni saini ya aliyepokea kutoka kwa tarishi.

Yupo atakayesema mlinganisho huu umevutwa kupita kiasi: tarishi ana akili na uchovu, mashine haina, tarishi anaweza kusaliti, mashine inatii. Tofauti hiyo naikubali, na naona inaitia nguvu hoja yangu. Tarishi mwenye akili, akipewa barua ya kipuuzi au akikuta nyumba inaungua, husimama na kurudi kuuliza. Karani anayekuta ankara ya shilingi milioni mia moja kwa mfuko mmoja wa saruji humwita bosi. Mashine huendelea. Inatii amri ya mwizi kwa uaminifu uleule inaotii ya mwenye mali, na inarudia kosa mara elfu kabla ya saa ya chai. Kwa kuwa upande wa kupokea umepungukiwa na busara, busara hiyo lazima iandikwe kabla: mipaka ya kiasi, orodha ya wanaoruhusiwa kuamuru, mahali pa kusimama na kumwita mtu. Mababu waliweza kuzembea kidogo kwa sababu mjumbe wao alikuwa mtu. Sisi hatuna nafasi hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la ajira. Mashine ikinakili mauzo usiku, karani aliyekuwa anayanakili mchana atakula nini? Historia haijibu kwa sauti moja, na anayesema kwamba kila mashine huleta kazi nyingi kuliko inazoondoa anawadanganya watu. LUKU ilipunguza kazi ya kusoma mita nyumba kwa nyumba. Pesa ya simu ilileta mawakala kila mtaa. Lakini aliyepoteza kazi ya kwanza si lazima awe ndiye aliyepata ya pili. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba mfumo unaomfukuza anayeielewa kazi unajikata mkono. Anayejua kwamba mteja fulani hulipa nusu mwanzoni mwa mwezi, au kwamba safu fulani ya daftari haiaminiki, ni yule karani. Akiondolewa, ofisi inabaki kama Hazina ya miaka ile: mashine ipo, mwenye kuielewa hayupo. Haki kwa karani na usalama wa ofisi vinakwenda njia moja. Apewe mafunzo na awe yeye msimamizi wa vidole bandia.

La tatu ni kwamba mambo haya ni anasa kwa mji ambako umeme hukatika, mtandao husuasua, na wingu liko nchi ya watu. Hoja ya kukatika kwa umeme ni ya kweli, na jibu lake liko ukutani. LUKU ilibuniwa kwa mazingira ambamo mawasiliano hayana uhakika: amri inasubiri, haiharibiki, na haifanyiki mara mbili. Kazi ya kompyuta ikipangwa kwa kanuni hiyo, kukatika kwa umeme kutaichelewesha bila kuiharibu. Kuhusu taarifa zetu kukaa nchi nyingine, wasiwasi huo ni halali, na nchi imeanza kuujibu kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inamwajibisha anayekusanya na kusafirisha taarifa za watu. Mhasibu anayepeleka majina na madeni ya wateja wake kwenye seva za ng'ambo amebeba amana, na hawezi kusema kwamba ni kompyuta iliyotuma. Mjumbe hauawi, mwenye kumtuma ndiye anayeulizwa.

Kwa hiyo nawasihi wanaofunga mifumo hii Iringa, Mbeya na kokote nchini waanze kupanga kutoka upande wa kupokea. Kabla ya kufurahia kwamba kazi inaweza kuamshwa kwa simu kutoka popote, waandike nani ana haki ya kuiamsha, kompyuta ipi itapokea, itafanya nini ikikuta kisichotarajiwa, nani ataona ikishindwa, na jibu litarudi kwa nani. Hayo ni maswali ya tarishi na ya utingo, na wenyeji wa nyanda hizi wameyajibu mara nyingi kabla ya sisi kuzaliwa. Wahenga hawakukosea kuhusu fimbo. Mkataba wenye saini za wakuu wa dunia uliagiza fuvu la Mkwawa likabidhiwe ndani ya miezi sita, na fuvu likakaa rafuni hadi siku mtu mmoja alipofunga safari kwenda Bremen na kusimama mbele ya kabati.